Mchora majumba na birika la chai

Nani kati yetu hajaungua kidole kwa birika? Kishikio chake ni cha chuma, moto umekipata, na mama hutafuta kitambaa upesi. Nasi husema: «Ndivyo mabirika yalivyo.» Sivyo! Ndivyo yalivyotengenezwa na mtu asiyemfikiri mama.

Huko Marekani aliishi Michael Graves, aliyezaliwa mwaka 1934. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majumba makubwa. Mwaka 1985 kiwanda cha Alessi, cha Italia, kilitoa birika alilolichora yeye. Kishikio chake kimevikwa kitu kisichopitisha moto, na mdomoni yupo ndege mdogo mwekundu apigaye filimbi maji yachemkapo. Watu walilipenda mno, lakini bei yake ilikuwa kali.

Je, kitu chema ni cha matajiri peke yao? Mwaka 1999 Graves alipatana na maduka ya Target, wanunuamo watu wa kipato cha kawaida. Akawachorea birika, kibaniko cha mkate, saa na vyombo vingine vya nyumbani, vya bei nafuu. Hakuona haya kutoka kwenye majumba na kuingia jikoni. Kwani nyumba na kijiko vyote viwili hutumiwa na mtu.

Kisha yakampata. Mwaka 2003 ugonjwa ulimpoozesha tangu kifuani hata miguuni. Hospitalini alitaka kunyoa ndevu, asiweze kulifikia bomba la maji. Kumbe chumba kile kilichorwa bila kumfikiri mgonjwa! Basi akaanza kuchora vyombo vya hospitali, kikiwamo kiti cha kusukumia wagonjwa. Sehemu za kuegemeza mikono huinuliwa, mgonjwa asizuiwe anaposhuka. Na vishikio vyake vimesimama wima, ili msukumaji, awe mrefu au mfupi, asiumize mgongo. Aliendelea na kazi hiyo mpaka karibu na kufa kwake, mwaka 2015.

Nanyi maseremala na mafundi wa bati, na ninyi wanafunzi mtakaokuwa mafundi kesho, sikieni. Kabla ya kukata ubao, mwulizeni atakayekikalia kiti: ni mzee? Ni mtoto? Magoti yake yanauma? Swali hilo halipandishi bei ya ubao hata kidogo. Lakini asiyeliuliza humwuzia maskini taabu, na taabu hiyo atakaa nayo kila siku.