Mwache mtoto ajibu mwenyewe

Mezani kwa mwalimu wa nidhamu kuna daftari la makosa, simu ndogo iliyokutwa ndani ya godoro, na chaji yake. Mwanafunzi amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Mzazi aliyeitwa kwa barua anaingia, na kabla hajaketi, kabla hata hajaelezwa kosa lenyewe, anasema: "Mwalimu, mwanangu namjua, hawezi kufanya hivyo." Yanayofuata walimu wa shule za bweni wanayajua kwa moyo: simu ni ya rafiki yake, mwalimu fulani anamwonea, mbona wenzake hawakuitwa. Watu wazima wawili wanapandishiana sauti, na yule aliyesimama mlangoni anasahaulika. Huenda alipoingia alikuwa na la kusema. Huenda njia nzima kutoka bwenini alikuwa akitafuta maneno ya kukiri. Sasa hayahitajiki tena, maana kuna aliyekwisha kumjibia.

Mjadala wetu wa nidhamu shuleni haufiki kwenye chumba hicho. Huishia kwenye fimbo. Oktoba 2019, kufuatia sakata la simu na kuungua kwa mabweni katika shule moja ya sekondari wilayani Chunya, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya aliwachapa wanafunzi viboko mwenyewe, mbele ya watu. Nchi nzima ilibishana kama alikuwa na haki ya kuchapa. Habari ya simu zilivyofika mikononi mwa wanafunzi ilipita kimya, ilhali hapo ndipo nyumbani na shuleni hukutana. Mwanafunzi hana mshahara. Nyuma ya simu nyingi zinazokamatwa mabwenini yupo mtu mzima aliyenunua, anayetuma vocha, au aliyejua akanyamaza. Mtu huyo akiitwa shuleni, anapomtetea mtoto anajitetea na yeye.

Wapo watakaosema, na wana haki kabisa, kwamba mzazi asipomtetea mtoto wake shuleni atatetewa na nani? Kanuni za adhabu ya viboko zinasema visizidi vinne, vitolewe kwa kosa kubwa, na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kisha viandikwe kwenye kitabu. Kila mzazi anajua jinsi kanuni hiyo inavyovunjwa. Oktoba 2016 nchi iliona video ya walimu wa mafunzo jijini Mbeya wakimshambulia mwanafunzi mmoja kwa makofi, ngumi na mateke. Agosti 2018 mtoto wa shule ya msingi mjini Bukoba alikufa baada ya kupigwa kwa tuhuma ya kuiba pochi ya mwalimu, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu mmoja adhabu ya kifo. Baada ya hayo, mzazi anayekimbilia shuleni akiwa na hofu hawezi kulaumiwa. Lakini tuangalie anachokilinda. Kumkinga mtoto na kipigo kisicho halali ni wajibu wake, naye audai hadi polisi ikibidi. Kumkinga na ukweli wa alichokitenda ni jambo jingine, na wazazi wengi wamechanganya mawili hayo kwa sababu shule nazo zimeyachanganya: kwamba mtoto akikubali kosa, kinachofuata ni fimbo tu. Pale ambapo kukiri kuna bei ya mgongo, uongo unakuwa ngao, na mzazi anamsaidia mwanawe kuishika. Kwa hiyo mwalimu anayechapa ovyo ni mshirika wa kwanza wa mzazi anayetetea ovyo.

Wengine wanataka jibu jepesi zaidi: fimbo iongezwe, na tuitazame Kenya, wanasema, iliyoifuta mwaka 2001 na mabweni yake yanaungua. Tarehe zinawakatalia. Wasichana 26 waliangamia Bombolulu mwaka 1998. Mwaka 1999 viranja wanne waliuawa kwa moto katika chumba chao huko Nyeri. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Hayo yote yalitokea katika shule zilizolelewa kwa fimbo. Mioto imeendelea bila fimbo pia. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa. Ukiziweka tarehe hizo pamoja, huwezi kuona kwamba fimbo ndiyo iliyokuwa imeushika moto.

Kilichobaki ni kile ambacho watoto wetu hawazoeshwi kukifanya: kusema "nimekosa" mbele ya watu wanaowapenda. Kiswahili kinatenganisha vizuri sababu na kisingizio. Mtoto anayelala darasani kwa sababu alfajiri anachota maji kabla ya kutembea kilomita saba ana sababu, na mwalimu asipoijua atamwadhibu bure. Mzazi aje aiseme. Hapo atakuwa ameisaidia shule. Lakini kusema "ni ujana tu" kwa kijana aliyemtukana mwalimu wa zamu hakuelezi kitu, kunafunga mazungumzo. Husemwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na wengi huitumia methali hiyo kuhalalisha bakora. Mimi nasikia ndani yake kilio kingine, cha mtoto anayeona aibu kwa alichokifanya. Kilio hicho hakina alama mwilini, na ndicho wazazi wa leo wanachokiogopa zaidi, hasa wale wanaolipa mamilioni ya ada katika shule binafsi na kuzoea kusikilizwa kama wateja. Mkuu wa shule anayehofia kupoteza ada hukunja barua ya onyo na kuirudisha kwenye droo. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo tunaitaja kwa haki tu, ina kifungu cha wajibu wa mtoto, ukiwamo wa kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa wake.

Shule zingeweza kuanza na jambo dogo. Mzazi asiitwe kwa mara ya kwanza siku ya kosa. Mzazi ambaye jina lake lilifika ofisini kwa habari njema mwezi Machi hatakuja na ngumi mezani mwezi Agosti. Na siku ya kosa ikifika, anayezungumza kwanza asiwe mwalimu, wala asiwe mzazi. Kiti cha tatu kiletwe, mtoto aondoke mlangoni aketi, aulizwe simu ni ya nani, nao wawili wanyamaze mpaka amalize, hata kama itachukua nusu saa.