Petroli Si Mzigo wa Kukaliwa

Kila shule zifungwapo, hapa Fort Ternan huonekana jambo ambalo macho yetu yamekwisha kulizoea. Vijana wa kanisa, au maskauti, au wanafunzi pamoja na walimu wao, wanakwenda kupiga kambi milimani. Mkulima mmoja ameombwa lori lake kwa safari hiyo. Nyuma hupakiwa mahema, sufuria, magunia ya unga, na jenereta ya kuwasha taa usiku. Mwisho kabisa huja mtungi wa njano uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Sasa umejaa petroli hadi shingoni, na mdomo wake umezibwa kwa kipande cha nailoni kwa kuwa kifuniko kimepasuka. Kisha watoto hupanda, na yule aliyekosa mahali pa kukaa hukalia mtungi huo.

Mwenye lori si mtu mbaya. Amelitoa gari lake kwa moyo mwema, na petroli pengine ameinunua kwa fedha zake. Ukimwuliza juu ya mtungi ule atakujibu, "Miaka yote twafanya hivi, wala hatujaungua." Jibu hilo ndilo nitakalo kulijadili mwezi huu, maana silo la watu wa kambi tu. Ni jibu la kila mkulima apelekaye petroli shambani kwa ajili ya pampu ya maji, msumeno wa injini au mashine ya kuchuma chai.

Kwanza tujue petroli ni kitu gani. Wengi wetu hudhani kwamba kinachowaka ni yale maji yaliyomo mtunginini. Sivyo. Kinachowaka ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kushika moto hata katika baridi kali kuliko ile ya Londiani alfajiri. Kwa hakika hutoa mvuke huo hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Dizeli si hivyo. Yataka kupashwa moto kupita nyuzi 50 kabla mvuke wake haujawa wa hatari. Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu kama moshi, bali hushuka, ukatambaa sakafuni mwa lori chini ya magunia na miguu ya watu, ukitafuta cheche.

Na cheche haihitaji kiberiti. Wewe uvuapo fulana ya nailoni usiku wa baridi, husikia ikilia na pengine ukaona vimulimuli. Umeme huohuo mdogo hutokea petroli imiminikapo ndani ya mtungi uliowekwa juu ya plastiki ya sakafu ya pikapu, kwa kuwa hauna njia ya kushuka ardhini. Ndiyo sababu mtungi haufai kujazwa ungali garini. Uteremshe, uuweke chini, na mdomo wa mpira wa pampu uguse mdomo wa mtungi mpaka umalize.

Jambo la pili ni kujaza pomoni. Petroli ikipata joto huvimba. Lita 20 zilizotiwa asubuhi ya baridi, zikapigwa na jua la mchana mpaka joto lipande nyuzi 20, huongezeka kiasi cha nusu lita kasoro kidogo. Mtungi uliojaa hadi shingoni utaiweka wapi nyongeza hiyo? Na sisi wa huku tuna shida ya ziada. Atokaye Muhoroni kwenda Londiani hupanda karibu mita 1,000, na kadiri apandavyo ndivyo hewa ya nje inavyopungua nguvu na mvuke wa ndani unavyosukuma. Hivyo afunguapo kifuniko kambini kwa pupa, petroli humrukia usoni. Basi acha nafasi, na ufungue polepole, mbali na moto wa kupikia.

Yale yaliyotupata yatosha kutufundisha. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, katika barabara ya Nakuru kwenda Mau Summit, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakaja na mitungi na ndoo kuteka petroli. Moto ukalipuka na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019 jambo lilo hilo likatokea Morogoro, Tanzania, na huko nako wakafa zaidi ya 100. Utasema lori la mafuta na mtungi mmoja si sawa. Kwa wingi si sawa, lakini tabia ya mvuke ni ileile. Kwa mtoto anayeukalia mtungi, lita 20 zatosha.

Chombo chenyewe kina historia ifaayo kukumbukwa. Wazee walilijua debe la bati jembamba ambalo mafuta yaliletwa ndani yake, na ambalo baadaye lilipimia mahindi na kuezekea nyumba. Katika vita vya pili vya dunia, jeshi la Waingereza lilibeba petroli katika madebe ya namna hiyo huko jangwani Afrika ya Kaskazini. Yakapasuka kwa mtikisiko wa njia, na petroli nyingi ikamwagika mchangani. Wajerumani walikuwa na mtungi wa chuma wa lita 20, wenye vishikio vitatu na kifuniko cha kubana, na ndani yake hubaki nafasi ya hewa hata ukijazwa. Waingereza waliuona ubora wake wakauiga. "Jerry" lilikuwa jina lao la kumtania Mjerumani, na hapo ndipo lilipotoka neno letu jerikeni. Basi ikiwa majeshi mazima yalijifunza kwa hasara kwamba chombo dhaifu hakifai kwa petroli, kwa nini sisi tujifunze tena kwa hasara ya watoto?

Wako wasemao kwamba dawa ni kukataza kabisa petroli kuuzwa katika mitungi. Mimi sikubaliani nao. Mkulima mwenye pampu mtoni hawezi kuikokota pampu hadi kituo cha petroli. Akikatazwa kituoni atanunua kando ya njia, katika chupa za soda, kwa mtu ambaye huenda amechanganya na mafuta ya taa. Hapo tutakuwa tumeiondoa hatari machoni petu na kuipeleka gizani. Kinachofaa kukatazwa ni chombo kibovu. Mtungi wa chuma, au wa plastiki nzito uliotengenezwa kwa petroli, ujazwe. Ule wa mafuta ya kupikia ukataliwe.

Najua mtajibu kwamba mtungi mzuri ni ghali. Ni kweli, na kwa mkulima mdogo autumiaye mara nne kwa mwaka bei hiyo huuma. Hapo ndipo vyama vyetu vya ushirika viwezapo kusaidia. Chama kinunue mitungi michache mizuri, kiipake rangi nyekundu, kiiandike PETROLI, na kumwazima mwanachama kama vile baadhi ya vyama viazimavyo bomba za kupulizia dawa. Shule na makanisa yaliyo na safari yaazime vilevile. Gharama ikigawanywa kwa wengi haimlemei mtu.

Na ninyi wenye malori, fikirini kabla ya kupakia. Lori lako latumia dizeli. Likiwa na tangi la lita 100 na huenda kilometa 5 kwa lita, laweza kwenda kilometa 500. Safari ya kambi haifiki huko, kwa hiyo lori halihitaji akiba yo yote. Petroli ni ya jenereta tu, na usiku mbili za taa hazihitaji lita 20. Chukua 5. Usimame mtungi wima, ufungwe kwa kamba, ufunikwe jua, uwe mbali na ekzosi, wala usiwekwe ndani ya kebini. Lililo kubwa kuliko yote: petroli na watoto wasipande gari moja. Ipelekwe mbele kwa pikapu pamoja na mahema, na dereva awe na kizima moto cha unga. Maji hayafai, maana petroli huelea juu yake na moto huenea. Wala asiivute mtu kwa mpira na mdomo, kwani tone likiingia mapafuni laweza kumwua.

Lori la Fort Ternan litaombwa tena shule zikifungwa. Mwenye lori akubali, maana ni wema. Lakini akiona mtungi wa njano unaletwa, aushushe mwenyewe kabla mtoto wa kwanza hajapanda.