Mwamuzi Asiyepiga Filimbi

Katika mpira wa miguu kila mtu humjua mwamuzi. Hukimbia pamoja na wachezaji, hupiga filimbi, na watazamaji humpigia kelele. Leo tumtazame mwamuzi wa namna nyingine, asiyekimbia wala kupiga filimbi, ambaye siku njema kwake ni ile ambayo hakuna aliyemkumbuka. Ndiye mwamuzi wa sataranji, mchezo wa akili ambao kwa Kifaransa huitwa jeu d'échecs.

Mchezo huu huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye miraba 64, na kila mmoja huanza na kete 16. Anayembana mfalme wa mwenzake hata akose pa kukimbilia, huyo ndiye mshindi. Labda mtauliza: «Watu wawili wamekaa kimya mbele ya ubao, mwamuzi wa nini?» Swali ni jema, nasi tutalijibu.

Kwanza tuone jinsi mtu anavyoipata kazi hiyo. Chama kikuu cha sataranji ulimwenguni huitwa FIDE, nacho kilianzishwa Paris tarehe 20 Julai 1924. Tangu mwaka 1951 chama hicho hutoa cheo cha Mwamuzi wa Kimataifa. Cheo hicho hakinunuliwi wala hakirithiwi. Mtu huanza kwao, chini ya shirikisho la nchi yake, akisimamia mashindano madogo, pengine ya shule. Baadaye huhudhuria mafunzo ya FIDE na kufanya mtihani wa sheria. Anayepata chini ya alama 80 kwa 100 hafaulu. Tena mtihani wa karatasi hautoshi. Yampasa afanye kazi katika mashindano makubwa kadhaa, na kila mara mwamuzi mkuu atoe ushuhuda kwamba mtu huyu anazijua sheria na anazitumia bila upendeleo. Hivyo hupata kwanza cheo cha Mwamuzi wa FIDE, na akiisha kukusanya shuhuda nyingine, cheo cha Mwamuzi wa Kimataifa. Hata hao wamepangwa kwa madaraja, na daraja la A ndilo la juu kabisa.

Basi, hufanya nini ukumbini? Hulinda sheria zinazoonekana kuwa ndogo, lakini ndizo zinazouweka mchezo katika haki. Anayeigusa kete yake kwa kusudi, lazima aichezeshe. Akitaka kuinyosha tu, sharti aseme kwanza, na wachezaji wa dunia nzima hutumia neno la Kifaransa: «J'adoube». Kila mchezaji ana muda wake, nao hupimwa kwa saa iliyo kando ya ubao. Akiisha kucheza huibonyeza, na muda wa mwenzake huanza kwenda. Katika michezo mirefu, anayecheza kinyume cha sheria mara ya kwanza, mwenzake huongezewa dakika 2, akirudia, ameshindwa. Anayekutwa na simu mwilini wakati wa mchezo, kwa kawaida hushindwa papo hapo, kwa maana siku hizi mashine ndogo yaweza kumnong'oneza mtu mbinu za kumshinda hata bingwa.

Lakini sehemu ngumu ya kazi yake si kusema, ni kunyamaza. Tuseme kijana amecheza kete yake vizuri, kisha akasahau kubonyeza saa. Dakika zake zinakwenda bure, naye anamtazama mwenzake akidhani kwamba zamu ni ya yule. Mwamuzi amesimama karibu, anaona yote. Je, amkumbushe? Hasha! Sheria yamkataza. Vilevile hali ile ile ya kete ikitokea ubaoni mara 3, mchezaji ana haki ya kudai sare; asipodai, mwamuzi hafungui mdomo. Ikitokea mara 5, hapo mwamuzi mwenyewe huusimamisha mchezo na kutangaza sare.

Wengine wataona kwamba huo ni ukatili. Mbona asimsaidie kijana wa watu? Ni kwa sababu ng'ambo ya ubao yupo kijana mwingine. Neno moja la huruma kwa huyu ni kumnyang'anya yule haki yake.

Hata hivyo, mwamuzi si mashine. Utangulizi wa sheria za FIDE wakiri kwamba sheria haziwezi kutaja kila jambo liwezalo kutokea. Kwa hiyo wadai kwamba mwamuzi awe na ujuzi, busara, na moyo usiopendelea kabisa. Mambo hayo mawili, ukali wa sheria na busara, yalionekana wazi mwaka 1972 mjini Reykjavik, katika nchi ya Iceland. Huko Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti, bingwa wa dunia, alipambana na Robert Fischer wa Marekani. Wakati ule mataifa hayo mawili yalikuwa yakishindana katika kila jambo, na magazeti ya dunia nzima yaliandika habari zao. Mwamuzi mkuu alikuwa Bwana Lothar Schmid, Mjerumani wa mji wa Bamberg, mchapaji wa vitabu, naye mwenyewe bingwa mkuu wa sataranji.

Fischer alishindwa mchezo wa kwanza. Akazilalamikia kamera za sinema zilizokuwamo ukumbini, akataka ziondolewe. Tarehe 13 Julai, siku ya mchezo wa pili, Spassky aliketi, saa ya Fischer ikaanzishwa, na kiti chake kikabaki kitupu. Sheria ya siku zile ilimpa mwenye kuchelewa saa moja tu. Hatari ilikuwa wazi: Fischer akitangazwa kuwa ameshindwa, huenda atapanda ndege arudi kwao, na shindano lililongojewa na ulimwengu litavunjika. Saa moja ilipokwisha, Schmid alitangaza. Spassky 2, Fischer 0. Watu wa Fischer walipinga, ila uamuzi haukubadilishwa.

Mchezo wa tatu, Spassky alikubali kwa hiari yake wachezee katika chumba kidogo cha nyuma, mbali na watazamaji. Fischer alipoiona kamera humo pia, akaanza kugombana na mwamuzi, na Spassky naye akatishia kurudi ukumbini. Safari hii Schmid hakutaja sheria. Aliwashika wote wawili, akawakalisha vitini, akawasihi wacheze. Wakacheza. Fischer alishinda siku ile, na tarehe 1 Septemba shindano likaisha, Fischer akiwa bingwa kwa alama 12½ kwa 8½. Kama Schmid angalimwogopa, ushindi wake usingalikuwa na heshima. Na kama angalikuwa mkali tu, pengine shindano lisingalimalizika.

Hata siku hizi waamuzi hujaribiwa. Desemba 2024, mjini New York, Magnus Carlsen wa Norway, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 2013 hata 2023, alikuja mashindanoni amevaa suruali ya jinzi, ambayo sheria za mavazi zilikataza. Waamuzi walimtoza faini ya dola 200, wakamwambia akabadilishe. Alipokataa kubadilisha siku ile, hawakumpangia mchezo uliofuata, naye akajitoa. Baadaye wakuu wa FIDE waliilegeza sheria hiyo, na Carlsen akarudi kushiriki mashindano mengine mjini humo humo. Watu walibishana sana. Lakini angalieni vizuri: waliolegeza sheria ni wenye sheria, si waamuzi. Mwamuzi hana ruhusa ya kuwa na sheria moja kwa mtu mashuhuri na nyingine kwa mgeni asiyejulikana.

Nanyi wanafunzi, mara nyingi mwalimu huwaweka kuwa waamuzi wa michezo ya wenzenu. Siku hiyo mtaona rafiki yako akikutazama, akingoja umwonee huruma. Mtazame pia yule wa upande wa pili, ambaye labda hana rafiki uwanjani. Naye amekuja kucheza akiamini kwamba wewe ni mwamuzi wake vilevile.