Mlimwita mvivu, leo mnamwomba vidonge!

Leo nina hasira, nivumilieni.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa analala vipindi vyote. Mkamwita mvivu, wengine mkasema ana pepo. Kumbe ni nakolepsi: ubongo wake umepoteza chembe zinazotengeneza oreksini, kemikali ya kutuweka macho. Hata alale masaa kumi, mchana usingizi unamzidi. Daktari akamwandikia modafinili.

Sasa UE zimekaribia, hodi haziishi mlangoni: "Dada, nigawie kimoja nipige msuli." Jamani! Kidonge hicho hakilipi deni la usingizi. Kinaweza kuleta kichwa kuuma, wasiwasi na, kwa wachache, upele wa hatari. Tena kinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hilo mnalijua? Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza kibaki kwa wenye nakolepsi tu. Wewe unaumwa nini, zaidi ya kuacha notsi mpaka wiki ya mwisho?

Kila kidonge mnachomchukulia ni siku yake moja ya kukaa macho. Na sisi ndio walimu watarajiwa! Kesho mtoto akisinzia darasani, tutamchapa au tutamuuliza kwanza?

Kalaleni, bwana.