MASTAA MNATUONYESHA JAKUZI, CHINI YA MARUMARU KUNA NINI?

Wadau, leo nina neno na mastaa wetu pamoja na wote wanaowaiga.

Siku hizi hapa Dar kuhamia mjengo bila kuposti bafu ni kama hujahamia. Jakuzi, taa za bluu, marumaru zinang'aa mpaka unajiona sura. Mashabiki wanamwaga makopa. Sawa, hongereni. Swali langu ni moja tu: chini ya hizo marumaru mmepaka nini?

Maana bosi akianza kubana bajeti, dawa ya kuzuia maji ndiyo inapigwa panga mapema. Haipigwi picha, inafunikwa, hakuna wa kuilaiki. Hela inahamia kwenye bomba la rangi ya dhahabu.

Halafu kuna ule uongo wa mtaani eti "marumaru inatosha, haipitishi maji". Jamani! Grauti ya kwenye mistari inapitisha. Maji yanashuka kidogo kidogo kila mkioga, yanaingia kwenye zege mpaka kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, inapasua zege. Huku chini dari lina madoa ya kahawia, rangi inabanduka, ukungu unanuka.

Na chini analala nani? Mara nyingi siyo staa. Ni mpangaji, dada wa kazi, au mama mzazi aliyeletwa mjini apumzike. Staa anaoga juu, mama anakinga ndoo chini. Ndiyo mafanikio hayo?

Msiniletee habari za "mafundi wa Bongo wababaishaji". Wapo, sikatai. Ila fundi mkweli akiomba siku tatu zaidi mnamjibu nini? "Jumamosi nina shughuli ya kuhamia, maliza!"

Na kazi yenyewe wala siyo uchawi. Sakafu iinamie kwenye tundu la maji, sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Kona zote na pale mabomba yanapotokea ziimarishwe kwa kitambaa maalumu. Dawa ipakwe mikono 2, wa pili ukatishe wa kwanza, ipande ukutani, na kwenye shawa ipite juu ya kichwa. Ikishakauka vizuri, ziba tundu, jaza maji kidogo, acha saa 24. Nenda chini kaangalie dari. Kavu? Haya, leta marumaru. Ukiruka hapo, kuna siku utafumua bafu zima, na zile marumaru za bei mbaya zitaishia kwenye kifusi.

Kwa hiyo staa, ukitaka tukuheshimu, tuposti bafu lililojazwa maji kabla ya marumaru. Hiyo mimi nalaiki wa kwanza.

Na wewe unayeishi chini ya bafu la mtu, funguka hapo chini. Majina kaa nayo, sisi tutajijazia wenyewe.