Jicho na Mkono wa Manowari

Wako watu ambao, wakitakiwa kuchagua silaha za manowari mpya, huanza kwa kuhesabu. Huuliza itachukua makombora mangapi na mizinga mingapi, kisha huiita bora ile iliyozidi kwa idadi. Mimi nasema hiyo ni hesabu ya mwenye duka, si ya baharia. Manowari haikingwi na wingi wa silaha, bali na mapatano baina ya jicho linaloona na mkono unaopiga.

Anayebisha na aitazame Iver Huitfeldt, manowari ya Denmark ya aina ya frigeti. Haikuwa maskini: ilikuwa na rada za thamani, makombora ya kujikinga na hatari za angani, na mizinga miwili ya milimita 76. Tarehe 9 Machi 2024, katika Bahari ya Shamu, ilikabiliwa na ndege zisizo na rubani za Wahouthi wa Yemeni. Lakini kwa muda wa nusu saa hivi makombora yale hayakuweza kufyatuliwa, kwa kuwa rada na mtambo unaoongoza silaha havikusikilizana. Mizinga nayo ilipopigwa, risasi zake nyingi zilipasuka kabla ya kumfikia adui. Ndege nne ziliangushwa, na meli ikasalimika. Lakini kamanda wake aliandika kwamba kasoro ile ilikuwa ikijulikana kwa miaka. Mkuu wa majeshi, Flemming Lentfer, aliondolewa kazini mwezi uliofuata, kwa kuwa hakumwarifu waziri.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Tarehe 25 Mei 1982, katika vita vya Visiwa vya Falkland, manowari mbili za Uingereza, Broadsword na Coventry, zilikuwa zikilindana. Broadsword ilikuwa na makombora mapya ya Sea Wolf, na mtambo wake ulikwisha kuwanasa adui waliokuja kwa ndege. Coventry ikageuka, ikakatiza mbele yake, mtambo ukawapoteza. Coventry ikapigwa mabomu, ikazama, na watu 19 wakafa. Silaha ilikuwapo, shabaha ilipotea.

Najua nitajibiwa kwamba silaha zinunuliwe kwanza, maunganisho yatafuata. Nauliza: je, adui atamngoja fundi amalize kazi? Nitaambiwa tena kwamba majaribio ya baharini ni ghali. Ni ghali, sikatai. Lakini manowari iliyozama ni ghali zaidi, na roho za mabaharia hazina bei.

Basi taifa liundalo frigeti lichague rada, mtambo na silaha kama viungo vya mwili mmoja. Vijaribiwe pamoja baharini, kwa shabaha nyingi zijazo kwa mara moja, kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Na baharia anayeona kasoro asikilizwe mapema. Wazee walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga moja, hata ikiwa ya dhahabu, haiwaki.