Saruji ya volkano si saruji dhaifu

Wapo wenzetu tuliorejea nao, na wafanyabiashara wa mpakani, wanaodai kuwa masharti ya majengo ya kijani yaliyotolewa Rwanda mwaka 2019 ni njia ya kutuuzia saruji dhaifu. Mimi mwalimu, niliyesomea ukimbizini Tanzania, nasema hapana.

Klinka, ambayo ndiyo kiini cha saruji, hutokana na kuchoma mawe ya chokaa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Mawe hayo hutoa hewa ya ukaa kwa wingi. Sisi tunayo mawe ya volkano kaskazini, ambayo husagwa na kuchukua nafasi ya sehemu ya klinka. Mfuko wenye alama ya CEM IV/B una klinka ya asilimia 45 hadi 64. Wa CEM I, angalau 95.

Tatizo ni haraka. Saruji ya volkano hukomaa polepole. Zege lake lahitaji kumwagiwa maji wiki nzima au zaidi, na mbao zisiondolewe mapema. Fundi anayezing'oa siku ya tatu kwa sababu tajiri anataka kuhamia, slabu ikipasuka huisingizia saruji. Mwenda pole hajikwai.

Hivyo Jiji la Kigali lisiishie kukagua maghorofa. Liwaeleze mafundi na wauzaji, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, maana ya alama hizo. Nawe mfanyabiashara, kabla ya kuvusha mzigo Rusumo, soma mfuko. Kuna familia itakayolala chini ya zege hilo.